Vibao Vitatu Nyuma ya Kochi

Wiki iliyopita nilikwenda kwa wakili mmoja hapa mjini Babati kugongesha mihuri nakala za vyeti vyangu. Mlangoni pake dada wa usafi alikuwa anasugua kibao cha shaba chenye jina la bosi wake. Alitumia ile dawa nyeupe ya kwenye kopo, inayonuka mafuta ya taa na mkojo wa paka. Nilivuta pumzi mara moja tu. Nikakaa kwenye benchi la nje na kuinamisha kichwa, na yule dada kwa wema wake akaniuliza kama ni ujauzito. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akanitazama kwa jicho la mtu asiyedanganyika kirahisi, akaenda kuniletea maji.

Ningemweleza nini? Kwamba harufu ile ndiyo ya kipindi ambacho babu yangu aliishi nyuma ya kochi letu? Nyinyi wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba ambazo runinga ilikuwa na kichogo na kichogo kilikuwa na kitambaa chake, mnajua kwamba nyuma ya kochi palikuwa ndiyo stoo ya kila kitu cha heshima. Nyuma ya kochi letu, mtaa wa Bagara, palikaa meza ya Krismasi, mwavuli wa Baba, na kwa masika moja nzima, babu.

Aliletwa na gari la hifadhi ya wanyama, la kijani, mchana wa Jumamosi. Afisa mmoja kijana mwenye sauti ya upole, pamoja na dereva wake, walishusha vitu vitatu vizito vilivyofungwa kwenye magunia, wakaviegemeza ukutani. Baba alipovifungua, sebule yote ikawa ya njano. Vilikuwa vibao vya shaba, kila kimoja ukubwa wa sinia la kulia ugali watu wanne, vyote vina maandishi yale yale: jina la mtu kwa herufi kubwa, na chini yake maneno machache kuhusu kazi yake.

"Kila kimoja kitafungwa kwenye jiwe, katika kila hifadhi aliyoitumikia mzee," afisa alimweleza Baba. "Familia ihakiki maandishi kwanza. Shughuli yenyewe ni hivi karibuni, mvua ikiruhusu. Mzee huyu ndiye aliyetufungulia njia. Bila yeye nyumbu wangekwenda kuzalia wapi?"

Alichokuwa anasema ni kwamba mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini kwenda kuzaa kwenye mbuga za Simanjiro, na njia yao inapita kwenye ardhi ya watu. Babu alikuwa Mmaasai wa huko, mtu wa kwanza wa upande wetu kuajiriwa kulinda wanyama. Aliizunguka ile njia kwa miguu, boma kwa boma, akiwabembeleza wazee wa rika lake waiache wazi, isilimwe wala kufungwa. Walimcheka, wakamwita mchunga ng'ombe wa serikali, lakini mwishowe walimkubalia. Baadaye akapelekwa hifadhi nyingine kuwafundisha askari wapya. Baba aliyasikiliza hayo amesimama wima, mikono ubavuni, utadhani yuko mstarini shuleni.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Kwa watu wa upande wa Baba, mtu akifa jina lake linafungwa. Wa nyumbani kwake hawalitamki tena, na kama kuna mtoto aliyepewa jina hilo, anabadilishiwa. Binamu yangu mkubwa alibadilishiwa akiwa tayari anatembea, na ninasikia kwa mwaka mzima alikuwa haitiki akiitwa. Kwetu babu aliitwa "mwenye boma", ikatosha. Kaburi hakuwa nalo. Alitoka kiangazi kimoja kufuata nyayo za majangili, peke yake, na hakurudi. Wenzake walimtafuta mpaka wakakata tamaa na hawakupata hata kandambili yake ya tairi. Mvua zikaja, zikaondoka, wazee wakakaa chini, wakaamua kwamba amekufa. Tangu hapo jina likafungwa.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimaasai, alikuwa mke wake. Aliletwa kwetu Bagara ng'ombe wake walipoisha kwa ukame, akapewa chumba cha mbele chenye dirisha la kioo, na hakukipenda hata kidogo. Kuta za tofali zilimnyima usingizi kwa sababu, alisema, haziachi mtu asikie kinachokuja. Kila nikitoka shule nilimwinamishia kichwa, naye akakigusa kwa kiganja. Hiyo ndiyo shikamoo yetu. Kiganja chake kilinuka moshi na maziwa, na nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote duniani, Mama akiwemo, na Mama alijua.

Siku ile ya vibao Koko aliingia kutoka kwa mbuzi wake, akasimama katikati ya sebule, na ule mng'ao wa njano ukampata usoni. Hakujua kusoma.

"Hiyo kitu ni nini?" akauliza.

Baba angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. Yeye akamjibu kwa Kimaasai, taratibu, akimwita Yeyo, yaani mama, "Ni jina la baba, Yeyo. Serikali imeliandika."

Koko akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe yuko wapi, mkaweza kulileta jina lake bila yeye?"

Jioni ile ile Koko akahamisha ngozi yake ya kulalia kwenda jiko la nje, mle ambamo Mama alikuwa anachemshia maharage. Mama alimfuata. Mama ni Mwiraqw wa Mbulu, Mkatoliki, na mtu wa maneno. "Mama, utaumwa kifua na huu moshi," alimwambia.

"Moshi mimi najua," Koko akajibu. "Hiyo ingine sijui."

Sasa nieleze nilichoelewa mimi, mtoto wa darasa la nne. Njia yangu ya shule ilipita kwenye makaburi ya misheni, na kule ndiko pekee nilikowahi kuona jina la mtu limewekwa kwenye kitu kigumu. Majina yalikuwa kwenye misalaba ya saruji, yamechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na chini ya kila jina alikuwemo mwenye jina. Sikuwahi kuona jina la namna hiyo lisilo na mtu. Kwa hiyo nilipoona vibao, nilijua kwamba babu amepatikana. Na nilipoona ni vitatu, nikajua pia kilichofanyika. Kwetu ng'ombe akichinjwa anagawanywa, kila rika na sehemu yake, na hakuna anayeshangaa. Hifadhi zilikuwa tatu. Wamemgawa.

Nilivipa vibao kazi zao. Cha kushoto, kilichong'aa zaidi, kilikuwa na kichwa. Cha katikati kilikuwa na kifua. Cha kulia, kilichobonyea kidogo pembeni, kilikuwa na miguu, kwa sababu alitembea sana. Sikumwambia mtu. Niliacha tu kukaa kwenye kochi, nikawa naangalia runinga nimesimama mlangoni, na Mama akasema mtoto huyu sasa amekuwa mgeni kwao.

Mbaya zaidi ilikuwa saa za alasiri, nikiwa peke yangu ndani. Mama alivifunika vibao kwa vitambaa vyake vya kochi, vile vya kufuma kwa sindano, lakini kitambaa kimoja kilikuwa kifupi. Jua likishuka magharibi liliingia dirishani, likaigusa ile pembe iliyo wazi, na doa la njano likatokea ukutani juu ya kalenda. Pazia likitikiswa na upepo, doa nalo linatembea. Linakwenda mpaka mlango wa chumba cha Koko, linasimama, linarudi. Bati la paa likipoa lilikuwa linaalika, na shaba nayo ikajibu kwa mlio wake mdogo, tik, halafu kimya, halafu tik. Nilikuwa nasimama pale na daftari langu la hesabu, nikimwangalia babu yangu anamtafuta mkewe kwenye chumba alichokwisha kukihama.

Na kila Jumapili ilikuwa zamu ya harufu. Afisa alituachia kopo la dawa kwa sababu unyevu wa masika unaitia shaba weusi. Baba alitoka kanisani, akavua koti, akakaa sakafuni na kitambaa. Alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na stendi, na mikono yake haikujua kazi ya taratibu, lakini hapo alisugua herufi moja moja. Akifika kwenye jina, midomo yake inacheza. Sauti haitoki.

"Baba, unamsomea?" nikamuuliza siku moja.

"Namsomea nani?"

Nikaonyesha nyuma ya kochi kwa kidevu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliweka kitambaa chini.

"Nilikuwa bweni, mdogo kuliko wewe kidogo," akasema. "Nikarudi likizo. Nikakuta masikio ya Yeyo hayana zile shaba zake. Unazijua zile wanazovaa kina mama wenye waume, zilizoviringwa? Mwanamke haonekani mbele ya mumewe bila hizo. Mume akifa anazivua. Sasa nikamkuta masikio matupu. Nikauliza, baba yuko wapi? Mjomba akaniambia, nenda kanyweshe ndama."

"Halafu?"

"Nikaenda nikanywesha ndama."

Nilisubiri aendelee. Aliokota kitambaa, akaanza kusugua tena.

"Mpaka leo hakuna aliyeniambia," akasema. "Waliacha tu kulitaja jina lake. Na mimi nikaacha. Sasa hata nikitaka haliji, linafika hapa linakwama." Akajigusa koo. "Nataka nilisikie likitamkwa, mwanangu. Mara moja tu, kwa sauti, mbele ya watu."

Mvua zilikataa kuisha. Shughuli iliahirishwa, ikaahirishwa tena, barabara ya kwenda getini ikakatika, na babu akaendelea kukaa kwetu. Halafu jua likatoka wiki nzima, na yule afisa akarudi na habari njema. Tarehe imepatikana. Kibao cha kwanza kitazinduliwa kwenye geti la hifadhi iliyo karibu nasi, na mgeni rasmi angependa mjukuu wa mzee ndiye asome maandishi, kwenye kipaza sauti.

"Nasieku anasoma vizuri," Baba akasema haraka, mkono begani pangu, kabla Mama hajafungua mdomo. Sikuwahi kumwona na uso ule. Alikuwa kama amepewa ahadi akiwa mtoto na leo ndiyo inatimizwa.

Nilikwenda jikoni kwa Koko moja kwa moja. Alikuwa anamchunga mbuzi mgonjwa asiingie kwenye unga. Nikamweleza.

"Utasoma kwa sauti?" akauliza.

"Ndiyo, Koko. Kwa spika."

"Huko porini."

"Getini."

"Ni huko huko." Akachochea moto usiohitaji kuchochewa. "Mjini hapa kuna kelele, hawezi kusikia. Huko atasikia."

"Atakuja?"

"Mtu anaitwa na damu yake, asije? Ni mtu gani huyo?"

Nikasogea karibu naye. "Na akija, Koko?"

"Akija, mimi sikai hapa tena," akasema, na akamgonga mbuzi kichwani kwa kijiti.

Mtoto anajua mtu aliyekufa akija kumchukua mtu maana yake ni nini. Kule makaburi ya misheni nilishaona mume na mke wamewekwa pamoja, mmoja amemfuata mwenzake. Nikitamka jina, babu atakuja. Babu akija, Koko ataondoka naye. Na mdomo utakaomwita ni wangu.

Nikaumwa jino. Mama alinikagua meno yote kwenye mwanga, akasema meno haya ningekuwa ng'ombe angenipeleka mnadani. Nikapoteza sauti, nikapewa tangawizi mpaka masikio yakawaka, na sauti ikarudi yenyewe kwa kelele. Siku tulipokwenda shamba letu la Mutuka kuchuma mbaazi mbichi, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Mama yote, isipokuwa ile ya kugawanywa.

Mama aliendelea kuchuma. "Kwetu Mbulu marehemu wanatajwa kanisani kila Novemba," akasema. "Majina na majina, mpaka padri anakauka koo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumchukua mtu kwenye benchi."

"Koko amesema ataondoka."

Hapo mikono yake ikasimama. Aliangalia upande wa mjini. "Koko ni mtu mzima," akasema mwishowe. "Mtu mzima akitaka kuondoka hamuulizi mtoto." Alidhani ananifariji.

Wiki ya shughuli Koko alibadilika. Alianza kula. Alifua mashuka yake, akayaanika kwenye ua wa Mama Joyce, jirani yetu, kwa sababu kamba zetu hazikutosha. Alikisafisha kibuyu chake kwa kijinga cha moto, kama wanavyofanya wenyewe, akakisugua ndani mpaka kikatoa harufu tamu ya mkaa, kisha akamwagiza Mama maziwa fresh ya asubuhi ya siku yenyewe. Halafu akaniita, akafungua fundo kwenye kona ya shuka, akatoa vitu viwili vyeusi.

"Lete ile dawa ya baba yako," akasema.

Zilikuwa shaba zake za masikio. Nilizisugua nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, nikalia, na Koko akadhani ni dawa inaniingia machoni, akanipangusa kwa ncha ya shuka. Weusi ulitoka polepole. Kila kitambaa kilipopita, mduara mmoja ulitokea, halafu mwingine ndani yake. Nilipomaliza akazichukua, akazivaa, akageuza kichwa huku na huku kusikia uzito wake. Hata kwenye huzuni yangu niliona kwamba ni mwanamke mzuri.

Baba alirudi kutoka dukani akamkuta uani amevaa hivyo. Alisimama na funguo mkononi. Nilitegemea aseme neno, maana yeye ndiye aliyeniambia zile zinavaliwa na nani. Alimwinamishia mama yake kichwa, akaguswa, akaingia ndani na kufunga mlango wa chumbani.

Basi nikaamua. Nitaruka jina. Maandishi yenyewe yaliniruhusu, maana yalianza "Kwa heshima ya", likafuata jina, halafu "mlinzi wa kwanza wa mapito ya wanyama". Nikiruka, sentensi inaendelea bila kuyumba. "Kwa heshima ya mlinzi wa kwanza." Nilifanya mazoezi chooni, njiani, kwa mbuzi. Baba angekasirika, na nilijua nitamvunja moyo, lakini Baba angekuwa hai na Koko angekuwa hai.

Siku yenyewe kulikuwa na maturubai mawili, viti vya plastiki, kwaya yenye sare za bluu, na jiwe kubwa lililofunikwa kitambaa cha kijani. Wazungu waliokuwa wanasubiri vibali wakashuka kwenye magari yao na kamera. Koko aliwekwa mstari wa mbele pamoja na Mama, kibuyu cha maziwa kwenye mapaja, shaba zinawaka masikioni. Mgeni rasmi alihutubia kwa kirefu kuhusu vizazi vijavyo. Kisha akavuta kitambaa, watu wakapiga makofi, na mimi nikaona kile kibao cha kushoto, chenye kichwa, kimefungwa kwenye jiwe kwa skrubu nne. Nikasukumwa mbele, nikashikishwa kipaza sauti kilicholowa jasho la mtu.

"Kwa heshima ya," nikasema, na spika ikaipeleka mbali.

Nikamtazama Baba. Alikuwa amesimama kando ya turubai, ameinamisha sikio, macho kayafumba. Nikamtazama Koko. Nilikuwa namuaga kwa macho, nadhani. Na yeye hakuwa anaogopa. Alikuwa ameinua kidevu, ananisubiri, na nilipochelewa akanikunjia uso kidogo, kama alivyokuwa akifanya nikizembea kumwagia maji ya kunawa. Nilizoea kumtii. Nikatamka jina.

Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Likaenda kwenye kichaka, likagonga kilima, likarudi. Sijui nilimalizaje yaliyobaki. Watu walipiga makofi, kwaya ikaanza wimbo, na katikati ya makofi hayo Koko akainuka kitini. Alizunguka jiwe bila kulitazama, akapita kwenye kizuizi cha geti na kibuyu chake mkononi. Askari alidhani anatafuta choo, akamwonyesha upande wa vyoo kwa adabu. Koko akapita.

Niliangusha kipaza sauti kikalia vibaya. Nikakimbia, na nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama, "Nasieku! Nasieku!"

Nilimkuta majani yanapoanza kuwa marefu, chini ya mgunga, amesimama anatazama mbele. Nikakamata shuka lake kwa mikono yote miwili. "Koko, usiende naye," nikamwambia. "Nakuomba. Usiende naye."

"Nyamaza," akasema. "Nisikie."

Nikanyamaza. Kulikuwa na harufu ya kinyesi cha tembo na majani yaliyolowa. Wadudu walikuwa wanalia, wakaacha, wakaanza. Mbele yetu hapakuwa na kitu.

"Mwite tena," akasema.

"Koko."

"Mwite. Hilo kwaya linapiga kelele, hakusikia."

Nikamwita tena, kwa sauti yangu tu, bila spika. Hapo Baba akatufikia, koti wazi, anahema. Koko hakugeuka. Alimwambia kwa Kimaasai, "Sauti yako ni kama yake. Atadhani ni ndugu zake. Mwite wewe."

Baba alifungua mdomo. Nilidhani jina halitatoka, kama siku zile za sakafuni. Halafu likatoka. Lilianza limepasuka, kama sauti ya kijana anayebalehe, na mara ya pili likawa zima. Akaliita kama mtu anavyoita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Majani yakatikisika mbele yetu. Akatoka ngiri, mkia juu, akakatiza njia na kutokomea.

Koko alingoja. Tulingoja wote. Kwaya ilimaliza wimbo, mtu akasema kitu kwenye spika, watu wakacheka.

Kipindi chote kile nilidhani Koko anaogopa kwamba babu atakuja. Kumbe alilala kwenye moshi masika nzima kwa hofu nyingine. Hakuna aliyemwona mumewe amekufa. Wazee walikaa wakaamua, jina likafungwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwita tena, hakuna aliyeweza kusema kwamba ameitwa na hakuja. Alikuwa amemhifadhi hai ndani ya ukimya huo. Na sisi tukalitundika jina lile barabarani, tukalitamka, na sasa ilibidi ajue. Alipoona haliepukiki, alifua mashuka, akavaa shaba zake, akabeba maziwa, kwa sababu mtu anayetoka mbali hufika na njaa. Mimi niliona mwanamke anayejiandaa kufa. Alikuwa mke anayejiandaa kumpokea mumewe.

"Hajaja," akasema.

Alivua shaba moja, akavua ya pili, akazifunga kwenye kona ya shuka. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti, na hakuyafuta. Kisha akageuka kwa Baba, mtu mzima mwenye duka na kitambi, na Baba akainamisha kichwa kama mimi nikitoka shule. Koko akaweka kiganja juu ya kile kichwa chenye mvi na kukiacha hapo. Akamwambia kwa Kimaasai, polepole, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya leo asubuhi, "Mwanangu, baba yako amekufa."

"Nimesikia, Yeyo," Baba akasema.